Mama Nyapara na Miche Iliyoshiba

Siku niliyoripoti kazini kitaluni nilimkuta mwanamke anakata mizizi ya miche mizima. Alikuwa amechuchumaa kwenye tuta la mijohoro, amejifunga kanga kiunoni, panga fupi mkononi. Anainua kiriba kimoja, anapitisha panga chini yake, mzizi uliotoboa mfuko na kuzama ardhini unakatika, anakirudisha kiriba mahali pake. Kisha kinachofuata. Nyuma yake miche ilikuwa imelegea kwa mstari mrefu, kama watoto waliotoka kuchapwa.

Kukata mizizi nilifundishwa chuoni, sikatai. Lakini tulifundishwa kukata asubuhi na mapema, kisha kumwagilia papo hapo. Hii ilikuwa saa sita mchana, jua la Mtwara limesimama utosini, na keni za kumwagilia zilikuwa zimepangwa kando, tupu, zimefunikwa kifudifudi.

"Mama," nikamwambia, "nani amekutuma kuua miche ya serikali?"

Hakuinua uso. "Kwenu hamsalimiani?"

"Shikamoo."

"Marahaba. Haifi hii. Imeogopa tu. Ikiogopa, itatafuta."

Nilibaki nimeduwaa na cheti changu mfukoni. Mimi ni mtu wa Tukuyu. Kwetu mvua ni kama jirani asiyejua kuaga, na sikuwahi kuona mmea ukinyimwa maji kwa makusudi. Nilikwenda kwenye kibanda kilichokuwa ofisi ya Bwana Miti, cheo changu kipya, nikaandika kwenye daftari kwamba nyapara wa kitalu anahitaji kuelekezwa upya. Huo ulikuwa mwaka wa sitini na saba. Kwa miaka sita iliyofuata mwanamke yule alinishtua mara nyingi kiasi kwamba nilidhani nimezoea.

Tulimwita Mama Nyapara. Jina lake nililiandika kila asubuhi kwenye daftari la mahudhurio, lakini yeye mwenyewe hakupenda litajwe kazini. Alisema jina ni la nyumbani. Alizaliwa wapi na ukoo wake ni upi, sikuuliza. Wafanyakazi walisema alitoka ng'ambo ya Ruvuma kabla vita vya kule havijachachamaa. Akiulizwa mwenyewe alijibu, "Nimetoka tuta la tatu, naenda la nne." Alikuwa mwanamke pekee niliyewahi kumwona akiwaongoza vibarua wanaume bila kupandisha sauti. Mwanamume akichelewa, Mama Nyapara alimpa keni yake bila neno, akamfuata nyuma akimtazama tu. Kufika tuta la pili yule bwana alikuwa ameshaomba radhi mwenyewe.

Kitalu chetu kilikuwa pembeni mwa Mtawanya, kwenye mchanga mwekundu unaopitisha maji kama chujio. Tulikuza mijohoro, mitiki, mivinje, na mikorosho kidogo kwa ajili ya shule. Mche tuliupanda kwenye kiriba, ule mfuko mwembamba wa plastiki, na ulipofika urefu wa mkono toka kiwiko mpaka kiganja, uliondoka kwa lori kwenda vijijini mvua za Desemba zinapoanza.

Mama Nyapara aliitukana miche. Nilifikiri masikio yangu yananidanganya, mpaka nilipomsikia waziwazi akiuambia mche mmoja wa mtiki wenye majani mapana, "Mlafi wewe. Unakula tu, miguu huna." Ule mwembamba wa jirani yake akaupita akiupapasa kwa kidole. Vibarua walicheka. Mimi sikucheka, kwa sababu ule mlafi ulikuwa wangu. Nilikuwa nimeuwekea mbolea ya chumvichumvi.

Mbolea ile ilikuwa fahari yangu. Ilikuja kwenye magunia, nyeupe kama chumvi ya kupikia, na chuoni tulifundishwa kwamba ndani yake mna naitrojeni, na naitrojeni ndiyo inayounda jani. Ukitia kijiko kwenye keni, baada ya siku kumi tuta lililokuwa na rangi ya manjano linageuka kijani kibichi, kijani cha kung'aa, majani yanatanuka mpaka viriba havionekani. Wageni walipokuja kutoka mjini niliwapeleka kwenye matuta yale. Walisimama, walisifu, waliondoka.

Mama Nyapara alilitamka neno lile "natulojeni", na kila alipolitamka alikuwa kama anamtaja mkwe asiyempenda.

"Natulojeni yako inawalevya," aliniambia mara moja.

"Inawalisha, Mama."

"Mlevi naye anasema analishwa." Akang'oa kiriba kimoja changu na kimoja chake, akavipasua vyote viwili mbele yangu. Nilishtuka, maana kupasua kiriba ni kosa. Akakung'uta mchanga. Mche wangu ulikuwa mrefu mara mbili, majani kama viganja vya mtu mzima, na chini yake mzizi mfupi wenye vinyweleo vichache. Wake ulikuwa na majani sita membamba, na mzizi mrefu kuliko shina, umejizungusha mfuko mzima, mgumu kama waya.

"Jani ni la wageni," akasema. "Mzizi ni wa mwenyewe."

Nilimjibu kitu kuhusu utaalamu. Sikumbuki maneno, nakumbuka sauti yangu tu, jinsi ilivyokuwa kubwa.

Asije mtu akadhani alikuwa mtakatifu. Chai yake aliitia sukari vijiko vinne, na nilipomtania kwamba naye analevywa, alisema, "Mimi nimeshapandwa zamani, mizizi imefika." Alinyima miche maji, lakini hakuna mpita njia aliyemwomba maji akakosa, na kuna kiangazi kimoja alimpa mbuzi wa jirani maji ya tuta zima, kisha akanidanganya machoni kwamba pipa limevuja. Alisali sala zote kwa wakati, na kati ya adhuhuri na alasiri alilala kwenye magunia, na ole wako umwamshe. Alidai hajui kusoma. Siku moja nikamwona amesimama mbele ya gunia la mbolea, kidole chake kinapita chini ya maandishi polepole, midomo inacheza. Aliponiona akageuza gunia.

Na alikosea pia. Hili lazima niliseme, kwa sababu ndilo lililonishtua kuliko yote katika miaka ile ya kwanza. Mwaka wa sitini na tisa alitaka kunionyesha kwamba mitiki inaweza kukua bila punje moja ya chumvichumvi. Akatenga tuta zima. Mchanga wetu ulikuwa maskini mno. Miche ikatoka ya manjano, ikadumaa, ikasimama na majani mawili mawili kama masikio, na kiangazi kilipokolea ikaanguka yote, kwa sababu mche wenye njaa kupita kiasi nao hauna nguvu ya kuota mzizi. Asubuhi moja aliwakusanya vibarua wote, akaniita na mimi. Akasimama kando ya tuta lililokufa.

"Hii nimeiua mimi," akasema. "Si jua, si fundi wa pampu, si fulani. Mimi. Nilitaka kumshinda Bwana Miti."

Watu walitazama chini. Mimi nilikuwa sijapata kumwona mkubwa wa kazi, mwanamume wala mwanamke, akisimama namna ile bila kulazimishwa. Kisha akanigeukia. "Nipe natulojeni yako. Kidogo. Ikiwa michanga. Halafu tuiache ijitegemee."

Tangu siku hiyo ndivyo alivyofanya kwenye matuta yake. Akitia chumvichumvi, ni vidole viwili kwa debe zima la maji, katika mwezi wa kwanza na wa pili wa mche. Baada ya hapo hakutia kitu. Wiki sita za mwisho kabla ya lori kuja, alipunguza maji: kila siku, kisha siku moja kupita, kisha siku mbili, akaondoa na makuti ya kivuli. Miche yake ikawa mifupi, ya kijani cha kufifia, majani magumu. Haikupendeza. Mimi niliendelea na matuta yangu kwa wageni, nikampa yeye ya nyuma, karibu na choo, ambako wageni hawakufika.

Mwishoni mwa mwaka wa sabini na mbili zikaja habari kwamba kijiji kipya kimoja, kule bondeni upande wa Ruvuma, kitapandwa miti kwa mara moja: barabarani, shuleni, kwenye zahanati, na shamba la nguzo za kujengea. Wakubwa wangekwenda kukitazama. Bwana Mkubwa wangu alikuja kitaluni na gari, akatembea kati ya matuta, akanyoosha kidole kwenye mijohoro yangu iliyonona. "Hii. Yote."

Mama Nyapara alisubiri gari liondoke. Akaja kibandani, jambo ambalo hakuwa na desturi ya kulifanya; kwa kawaida alinisubiri nje.

"Bwana Miti. Usiipeleke ile."

"Bwana Mkubwa ameshaichagua."

"Basi nipe wiki sita. Nikate mbolea, nikate maji. Nitaikakamaza. Itakuwa mibaya lakini itaishi."

"Lori linakuja baada ya wiki mbili."

"Mwambie lori lingoje."

"Mama, mvua zinaanza. Mvua itainywesha."

"Mvua ya huku inakuja, inasalimia, inaondoka. Kati ya Januari na Februari inaweza kukuacha mwezi mzima. Wewe miaka sita uko hapa hujaiona?"

Nilikuwa nimeiona. Nikamwambia apakie.

Akapakia. Selemani, dereva wa lori, ndiye aliyeniambia baadaye kwamba chini ya makasha ya miche yangu aliingiza makasha mawili ya ile ya karibu na choo, akamwambia, "Hii ukifika mpe mtu yeyote atakayeitaka. Usiseme imetoka wapi."

Mvua ilinyesha vizuri wiki tatu. Miti ikapandwa, wakubwa wakaja, wakapiga makofi. Kisha mbingu zikafunga. Siku kumi, siku kumi na tano, anga ni nyeupe tu. Kutoka kijijini ikaja barua ya mwenyekiti, imeandikwa kwa penseli: miche inanyauka saa nne asubuhi, visima vifupi vinakauka, tufanyeje. Nilikaa kwenye kibanda changu nikamjibu kwa mistari miwili. Ninaijua kwa moyo barua ile. *Ongezeni maji. Kila kaya imwagilie miche yake mara mbili kwa siku, asubuhi na jioni.*

Leo naweza kueleza kilichokuwa kinatokea, maana hakina uchawi. Jani pana hutoa jasho jingi. Mche ulioshiba naitrojeni unajenga majani na kusahau mzizi, kwa sababu chini hakuna unachokosa. Ukiuweka kwenye mchanga unaokauka, majani yanadai maji ambayo ule mzizi mfupi hauwezi kuyafikia. Hapo hata umwagilie kutwa mara tano unachelewesha tu. Sehemu ya kunitia aibu ni kwamba haya niliyasoma. Miezi kadhaa baadaye nilifungua daftari langu la chuo, nikakuta mstari mmoja, mwandiko wangu mwenyewe, umepigiwa mstari kwa wino mwekundu kwa ajili ya mtihani: *Naitrojeni nyingi kabla ya ukame ni hatari kwa mche.* Nikakaa na daftari lile mapajani mpaka chai ikapoa.

Wiki moja baada ya barua yangu Selemani alirudi kutoka bondeni. Alishuka kwenye lori, akavua kofia, akasimama mlangoni.

"Kuna mtu amechukuliwa na mamba," akasema.

"Wapi?"

"Kule kule. Mwanamke. Visima vimekauka, wanakwenda mtoni. Asubuhi alikwenda, akarudi salama. Jioni akaenda tena."

Mama Nyapara alikuwa nje, anapanga keni. Alisikia. Akaja taratibu. "Jioni alikwenda kuchota maji ya nini?"

Selemani akanitazama mimi kwanza. "Ya miche."

Nilishamwona Mama Nyapara akibeba madebe mawili kwa pamoja, nilishamwona akimkamata nyoka kwa uma wa mti. Siku hiyo alikaa chini pale pale mchangani, kanga zikatanda, mikono juu ya magoti. Hakulia. Alisema kitu kwa Kimakonde ambacho sikukielewa na hakuna aliyenitafsiria.

Nilikwenda kijijini baada ya siku mbili. Mazishi yalikuwa yamepita, kwa kile kilichopatikana. Nilipita kwenye mistari ya miti. Mijohoro yangu ilikuwa imesimama mikavu, majani makubwa yamejikunja yana rangi ya tumbaku. Niliung'oa mmoja kwa vidole viwili. Ulitoka bila ubishi, na mzizi ulikuwa bado na umbo la kiriba. Udongo uliouzunguka ulikuwa na unyevu. Watu walikuwa wamemwagilia. Walikuwa wamemwagilia sana.

Na nyuma ya zahanati, mahali ambapo hapakuwa kwenye ramani yangu, palikuwa na safu mbili za mijohoro mifupi, mibaya, ya kijani kilichofifia. Niliugusa mmoja. Nikauvuta. Haukuja.

"Hii nani anaimwagilia?" nikamuuliza mtu aliyekuwa karibu.

"Hiyo? Hakuna. Hatukuwa tumeandikiwa hiyo."

Kila kitu nilichohitaji kujua kilikuwa mbele ya macho yangu, wala hakikuhitaji chuo. Basi msomaji asinisaidie kwa kusema sikujua. Nilirudi Mtwara nikijua.

Bwana Mkubwa alitaka taarifa kabla ya Ijumaa. Wakubwa walikuwa wanauliza. "Kosa ni la nani?" aliniuliza, na sauti yake ilikuwa ya mtu anayetafuta mlango wa kutokea, kwa ajili yake na kwa ajili yangu. Nilikuwa na mke na mtoto mchanga kwenye nyumba ya Rahaleo, na barua ya kupandishwa cheo ilikuwa njiani. Nasema hivyo nieleweke, sisemi nisamehewe. Niliandika kwamba wananchi hawakumwagilia ipasavyo. Niliandika pia kwamba imebainika nyapara alipakia makasha ya miche dhaifu bila idhini. Maneno yote mawili niliyapiga taipu mwenyewe.

La kwanza lilisomwa kwenye mkutano wa kijiji. La pili lilimwachisha kazi Mama Nyapara.

Barua yake ya kuachishwa nilipaswa kumkabidhi mimi. Aliipokea, akaikunjua, akanirudishia. "Nisomee."

"Mama, unaweza kusoma."

"Nisomee wewe."

Nikasoma, vibarua wakisikiliza. Nilipofika kwenye sababu, sauti yangu ikawa kama ya mtu mwingine. Kupakia miche dhaifu bila idhini.

"Miche dhaifu ni ipi?" akauliza.

Alingoja. Nilikuwa nimewahi kumwona akiwangojea vibarua waseme ukweli wenyewe, na kila mmoja alisema mwishowe. Mimi sikusema. Akaikunja barua mara nne, akaifunga kwenye pindo la kanga, akaenda kwenye matuta ya nyuma, akafungulia maji, akainywesha miche yake yote mpaka mchanga ukatota. Kwa mara ya kwanza tangu nimjue aliinywesha bila kuipimia. Kisha akaondoka kwa miguu.

Nilipandishwa cheo. Nilihamishiwa ofisini mjini. Kwa miaka miwili na zaidi sikumwona, na sikumtafuta. Nilisikia ameonekana Mikindani. Nilisikia amerudi ng'ambo vita vilipokwisha. Kila nilichosikia nilikipokea kwa nafuu ya mtu asiyetaka kujua.

Katikati ya mwaka wa sabini na tano nilitumwa bondeni kukagua miti ya vijiji. Sikuweza kukikwepa kile. Tulipokaribia zahanati nilimwambia Selemani asimamishe lori. Safu zile mbili zilikuwa miti mizima, mirefu kuliko paa, imemwaga kivuli barabarani, na wagonjwa walikuwa wamekaa chini yake wakingoja zamu. Kando yake palikuwa na kitalu kidogo cha viriba vilivyoshonwa kwa majani makavu ya migomba, na katikati ya kitalu, amechuchumaa, panga fupi mkononi, ni yeye.

Nilishindwa kushuka. Selemani ndiye aliyefungua mlango wa upande wangu.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba, Bwana Miti. Umenenepa."

"Unafanya nini huku?"

Alionyesha kwa kidole gumba nyumba ya udongo nyuma yake. Alikuja siku chache baada ya kuachishwa kazi, akaniambia, kutoa pole kwa wafiwa. Alikuta mama mzazi wa marehemu, mtu mzima sana, masikio yamepungua, na mkwewe aitwaye Athumani asiyezungumza na mtu. Akakaa siku tatu za pole. Kisha wiki. Kisha akalima.

Nikaanza kusema. Nilikuwa nimeandaa maneno kwa miaka miwili bila kukiri kwamba nayaandaa. Nikamwambia ile taarifa niliandika mimi, yote, si Bwana Mkubwa.

"Najua," akasema. "Mwandiko wa mashine hauna mwenyewe, lakini saini ilikuwa yako. Niliisoma kwa mwenyekiti."

"Naomba radhi, Mama."

"Mimi?" Alishangaa kwelikweli. Ndiyo mara pekee niliyoona uso wake umeshangaa. "Mimi nilifukuzwa kazi tu. Njoo huku."

Akanishika mkono, kwa nguvu, kama mtu anavyomshika mtoto sokoni, akanipeleka nyuma ya nyumba. Athumani alikuwa anasuka kamba. Mtu wa miaka arobaini hivi, ndevu zimeingia mvi mapema. Kando yake, juu ya mkeka, bibi kizee alikuwa anachambua choroko.

"Huyu ndiye Bwana Miti wa ile barua," Mama Nyapara akasema. "Ana neno."

Athumani hakusimama. Alinitazama, na nilivyoona macho yake nikafahamu kitu ambacho hakikuwahi kunipitia akilini kwa miaka yote ile. Taarifa yangu ilisomwa hadharani. Ilisema watu wa kijiji hiki hawakumwagilia. Mtu huyu alikuwa amezika mkewe, kisha akaketi mkutanoni akasikia serikali ikisema kwamba mkewe alikufa akifanya kazi ambayo haikufanywa.

"Sema," akaniambia Mama Nyapara.

Nikasema miche ilikuwa mibovu. Nikasema ilitoka kwangu ikiwa mibovu, kwamba niliilisha kupita kiasi ili ipendeze, na nilikatazwa na mama huyu na sikusikia. Nikasema ilikuwa ife hata wangeimwagilia kwa mto mzima.

Athumani aliweka kamba chini. "Kwa hiyo alikuwa anamwagilia vizuri?"

"Vizuri kabisa. Udongo ulikuwa na maji. Niliushika mwenyewe."

"Asubuhi na jioni."

"Asubuhi na jioni. Kama nilivyoandika."

Athumani akaelekeza kidole kwa bibi. "Mwambie na mama yake. Sema kwa nguvu, hasikii."

Nikasema tena kwa sauti ya juu, na watu wa zahanati wakageuka. Bibi alinitazama midomo. Kiswahili changu hakikumfikia. Mama Nyapara akapiga magoti sikioni mwake akalitafsiri neno baada ya neno kwa Kimakonde, na hakuacha hata moja, niliona kwa jinsi alivyotua kila nilipokuwa nimetua. Mikono ya bibi ikasimama kwenye choroko. Akauliza kitu kifupi.

"Anauliza," Mama Nyapara akasema, "haya umeyaandika?"

"Bado."

"Anasema yale ya kwanza yaliandikwa."

Nilikwenda kwenye lori nikachukua karatasi na kalamu. Athumani akanipa kigoda chake, mwenyewe akasimama begani kwangu akifuatisha kila mstari, maana alikuwa amejifunza kusoma katika madarasa ya watu wazima. Niliandika tarehe. Niliandika kwamba taarifa yangu ya awali haikuwa kweli, kwamba miche iliharibika kitaluni mikononi mwangu, kwamba wananchi walimwagilia kama walivyoagizwa na upungufu haukuwapo. Niliandika kwamba nyapara aliyeachishwa kazi ndiye aliyepeleka miche iliyopona. Kalamu ilikwenda haraka, karibu kwa furaha. Kisha nikaanza sentensi ya mwisho: kwamba katika kutekeleza agizo langu la kumwagilia jioni, mwananchi mmoja alipoteza maisha, naye ni.

Kalamu ikasimama.

Niliigusa karatasi mara mbili bila kuandika. Wote watatu walikuwa wananitazama, hata bibi. Miaka miwili na nusu nilikuwa nimelala na kuamka nikimfikiria marehemu, na kichwani mwangu alikuwa *yule mwanamke*. Sikuwahi kumuuliza mtu yeyote.

"Alikuwa anaitwa nani?" nikauliza.

Athumani akainama karibu na sikio langu. "Andika," akasema, "Somoe. Somoe binti Chilumba. Nitakutajia herufi."